Ganda Jembamba la Fedha

Mwiba haupigi kelele. Ungekuwa mkubwa kama shoka, kila mtu angeukwepa. Lakini kwa kuwa ni mdogo, mtu huukanyaga, akasema "aa, si kitu," akaendelea na safari yake, na baada ya wiki kiatu hakimwingii. Ndipo waliotutangulia wakatuachia neno: mdharau mwiba mguu huota tende. Msanifu mmoja wa kurasa za vitabu alilijua neno hilo tangu shuleni. Ila kulijua neno na kulishika ni mambo mawili.

Msanifu huyu alikuwa stadi wa kazi yake, hilo tusimnyime. Wakati huo alikuwa akipanga kitabu cha shangazi yake, kilichoeleza sarafu zote za zamani za jumba la makumbusho la mji wao. Shangazi alikuwa amepima madini maabarani kwa miaka thelathini, na watu walimwita Bi Mizani, kwa kuwa hata chumvi ya mboga aliitia kama anayepima dawa. Kitabu kilikuwa kimemla miaka kumi na jozi tatu za miwani. Kila sarafu aliieleza kwa utaratibu uleule: metali iliyo nyingi hutangulia, hesabu ni kwa uzani, na jumla sharti itimie mia. Metali zikiwa zimeyeyushwa pamoja, alisema zimechanganywa. Moja ikiwa imeifunika nyingine, alitaja kiini ni nini na ganda ni nini. Kwa kweli mama yule alikuwa na subira ya ajabu.

Kisa kilianzia ukurasa wa themanini na nne. Sarafu yake ilikuwa ya pekee, nyingine ya aina hiyo haikujulikana popote. Shangazi alikuwa ameandika: "Kiini: shaba tupu. Ganda: fedha, jembamba. Kwa uzani wa sarafu nzima: shaba 95, fedha 5." Maelezo yalizidi ukurasa kwa mstari mmoja, na chini ya ukurasa msanifu alikuwa amechora ua la mapambo alilolipenda kama mboni ya jicho lake. Akakuna kichwa, kisha akafupisha: "Shaba 95, fedha 5." Maelezo yakaenea, ua likapona.

"Uongo sijaandika," akajiambia. "Hesabu si ni ileile?"

Kesho yake mkewe, aliyekuwa mtunzaji wa sarafu katika jumba hilo la makumbusho, aliichukua nakala ya ukurasa huo akaenda nayo kazini. Saa nne asubuhi shangazi akaingia ofisini kwa msanifu, kioo cha kukuza kikining'inia shingoni.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, baba. Hebu tuone themanini na nne."

Akasoma, akarudia kusoma. Uso ukambadilika. "Ganda langu liko wapi?"

"Nimepunguza maneno kidogo tu, shangazi. Nani atasoma yote hayo?"

"Atakayeishika sarafu! Ulivyoandika wewe, fedha imeyeyukia ndani ya shaba kama sukari kwenye chai. Mimi nilisema imeifunika kama ganda la yai. Chai, uichote juu uichote chini, ni ileile. Yai je?"

Msanifu alitaka kucheka, mara akaacha. Alikumbuka maneno ya mkewe pale mlangoni asubuhi: "Leo naisafisha ile sarafu iliyopiga weusi. Maadamu umeandika ni shaba, nitaisugua kwa chaki laini. Wekundu ukitokea, nitajua nimefika."

"Shangazi," akasema kwa sauti nyembamba, "mtu akiisugua mpaka wekundu utokee..."

"Atakuwa ameimaliza fedha yote. Nani anaisugua?"

Akapiga simu. Ikaita weee, haikupokelewa, maana katika chumba cha kusafishia sarafu simu huachwa nje. Wakatoka mbio. Na katika ngazi za jumba la makumbusho, aliyetangulia ni shangazi wa miaka sabini na goti lake bovu!

Walimkuta mke ameinama mezani, kijiti cha pamba mkononi.

"Acha!" msanifu akapiga ukelele.

"Kwani kuna moto?" mkewe akauliza, uso umejaa furaha. "Njooni muone, wekundu umeshaanza kutokea."

Ukingoni mwa sarafu palikuwa na doa jekundu, dogo kama punje ya ufuta. Kwingine kote weusi ulikuwa haujaguswa, na chini yake fedha ilikuwa salama. Shangazi akamweleza taratibu. Mke akakiweka kijiti chini, akaketi.

"Dakika kumi zaidi ningeimaliza," akasema. "Na ningetoka hapa nikishangilia." Kisha akamgeukia mumewe. "Mwenzangu, mimi niliuamini ukurasa wako."

Maneno hayo yalimchoma msanifu kuliko matusi. Akaomba radhi, akingoja shangazi amfokee. Shangazi alilitazama doa kwa kioo chake, akatikisa kichwa, akasema, "Sarafu imeumia, lakini sasa kila mwenye macho ataona shaba iko ndani. Tuliandike na doa lenyewe, tusifiche."

Alasiri hiyo msanifu alilifuta ua lake kwa mkono wake mwenyewe. Akarudisha maneno ya shangazi yote, akaongeza: "Ukingoni pana doa lililotokea wakati wa kusafishwa, shaba ya kiini inaonekana." Halafu akakipitia kitabu kizima upya, akakuta mahali pengine saba alipofupisha, akaparekebisha pote. Shangazi alipoletewa kurasa, alizisoma zote hadi mwisho, akavua miwani, akasema neno moja tu, "Sawa," na msanifu machozi yakamlengalenga.

Doa lile lipo mpaka leo. Kila mara msanifu apitapo mbele ya kabati la kioo, hulitazama hilo kwanza kabla ya sarafu yenyewe, na hahitaji mtu kumkumbusha kwamba mdharau mwiba mguu huota tende.