Jenereta Isiyojua Mzigo

Ndugu zangu, mfikirieni mhandisi mmoja, binti mmoja kati ya wale wanaofunga mlango kisha wakarudi kuusukuma kuhakikisha umefungwa. Alifanya kazi kwenye kinu cha nyuklia. Kinu kile hata kikizimwa, joto lake haliishi papo hapo. Lazima pampu iendelee kukisukumia maji, la sivyo kitayeyuka na sumu yake iwafikie watu majumbani. Kwa hiyo zilikuwapo jenereta mbili za dizeli, zikingoja siku umeme wa gridi utakapokatika.

Kila mara mafundi waliziwasha. Zikinguruma, wanazizima, wanakwenda kunywa chai.

Binti hakutulia. Akamwendea fundi mkuu.

“Mzee, hizi tunaziwasha tu. Hatujawahi kuzipa mzigo.”

Mzigo, kwa lugha ya mafundi, ni kazi yenyewe: kuiendesha ile pampu.

“Binti yangu, mbona unamtafutia mtu mzima ugonjwa? Husikii zinavyonguruma?”

“Nasikia, mzee. Lakini mashine inayonguruma bure haichomi mafuta yake yote. Masizi yanajaa ndani.”

Fundi mmoja akacheka. “Dada huyu akichumbiwa, bwana harusi atabebeshwa kwanza gunia la mahindi.”

Mzee akamruhusu kujaribu moja tu, ile iliyobambuka rangi. Wakaiunganisha na pampu. Ikakohoa, ikatema moshi mweusi, ikafa.

“Haya, umetuulia mashine,” mzee akasema. “Ile nzima usiiguse.”

Iliyokufa ikafunguliwa, ikasafishwa, ikajaribiwa tena na tena mpaka ikaweza kuivuta pampu. Mafundi wakaiita Mgonjwa, na binti akawa anapita pale ameinamisha uso.

Mchana mmoja dhoruba ikaangusha nguzo, umeme wa gridi ukakatika. Kinu kikajizima, joto likabaki. Ile nzima ikawaka kwa sauti nzuri, mzee akatabasamu. Ilipopewa pampu, jenereta ile ikakohoa, ikafa.

Binti aliona mshale wa joto ukipanda. Akaiunganisha ile Mgonjwa. Ikayumba, ikashika. Maji yakaenda.

Mzee akakaa chini. “Kumbe mgonjwa ndiye aliyetubeba.”

“Alikwishapona, mzee. Yule mwingine hakuna aliyempima.”

Sasa mnangoja niwaambie tuwe kama ile iliyobeba. La. Nawauliza: ile nyingine ilikuwa na ubaya gani? Zote mbili zilikuwa na masizi yaleyale. Tofauti ni kwamba moja iliaibika mapema, wakati wa kutengenezwa bado upo.

Nasi je? Hapa ndani tunanguruma vizuri, nyimbo zetu zinasikika hadi barabarani. Lakini yupo miongoni mwetu aliyeombwa kumuuguza mama mkwe, au kumsamehe ndugu yake wa tumbo moja, akagundua hawezi. Akazimika mbele za watu, nasi tukampa jina. Ndugu yangu, kama ni wewe, usijifiche. Umezimika leo, bado unaweza kufunguliwa ukasafishwa.

Mimi simwogopei huyo. Namwogopea yule ambaye hatujawahi kumwomba chochote, na kwa sababu hiyo tunamwita imara.