Nani Aliyefungua Chemchemi ya Kisuma

Hapo zamani, wasomi walipokuwa wengi kuliko visima, nchi ya Kisuma na nchi ya Ubandi zilichota maji katika chemchemi moja. Siku moja Ubandi wakaizungushia ua wa miiba, wakaweka walinzi. Kisuma wakabaki na maji ya dimbwi, na mtoto wa mjane Nyamizi akaanza kuhara.

Mtawala wa Kisuma akatangaza: atakayefungua chemchemi atakalia kiti cha mshauri mkuu. Wasomi watatu wa mambo ya mataifa wakaja mbio, wakihema chini ya vitabu vyao.

Profesa Lugembe akasema, "Duniani hakuna hakimu wa mataifa. Mwenye nguvu ndiye mwenye maji." Akapanga wapiga mishale arobaini kilimani. Ubandi wakapanga sitini. "Mnaona? Nilisema!" akashangilia. Mtoto akaendelea kuhara.

Daktari Mashimba akasema, "Wanaouziana chumvi hawapigani." Akaandika mkataba wa vifungu tisini. Kikasainiwa kimoja, kwamba siku ya soko mshale haurushwi. Vingine vikapelekwa kamati ndogo. Mtoto akaendelea kuhara.

Bibi Ng'walu akasema, "Uadui ni maneno. Tumewaita fisi, wamekuwa fisi. Waiteni mashemeji na mawifi." Watu wakafundishwa, wakapewa na vyeti. Mtoto hakuweza tena hata kukaa.

Siku ya soko Nyamizi akabeba mtungi, akapenya miiba, akachota. Lakini mtungi ukijaa mtu hajitwishi; pale chemchemini hutwishwa na mwenzake. Akamwita Kalunde, mwanamke wa Ubandi aliyekuwa akichota kando yake: "Wifi, nitwishe, mwanangu anakufa."

Kalunde akawatazama walinzi wa kwao, waliokuwa wamekataza mtu wa Kisuma asisaidiwe. Akamtwisha. Hakuna aliyerusha mshale. Soko lililofuata wakaja wanawake thelathini wa Kisuma, na wa Ubandi wakawatwisha wote. Ua ukang'olewa.

Hapo wasomi wakakigombea kiti mpaka kikavunjika mguu.

"Waliogopa mishale yangu!"

"Ilikuwa siku ya soko!"

"Alimwita wifi!"

Mtawala akamwuliza Nyamizi alitumia nadharia gani. "Niliomba kutwishwa," akajibu, akarudi kumnywesha mwanawe. Kalunde bado alikuwa kifungoni kwao tangu siku ile, kwa kosa la kumtwisha adui.

Haya, nyinyi mnaotikisa vichwa kama mmeelewa: bila mishale, bila soko, bila lile neno, huenda Nyamizi angekufa pale pale. Na bila Kalunde je? Semeni basi, kile kiti kibovu akalie nani?