Digidigi Aliyempenda Nyegere

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mmeitika kama wagonjwa? Hii si hadithi ya watoto peke yao. Shangazi uliyekaa huko nyuma, ni yako pia. Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale, zamani nyani alipokuwa bado anabisha hodi kabla ya kuingia shambani, wanyama walikuwa na chuo chao. Chuo kilikuwa katika bonde lenye mikwaju mingi. Vijana walitoka makwao, mbali na karibu, wakaja kusoma. Walijifunza majani yanayoponya na majani yanayoua. Walijifunza kusoma upepo, wajue nani anakuja, na ana njaa au ameshiba.

Mwaka mmoja akaja digidigi, msichana, jina lake Mboni. Mdogo, mdogo kweli. Miguu kama vijiti vya mishikaki, macho yamejaa uso mzima. Lakini pua yake, msiniulize. Upepo ukivuma, wenzake bado wananyoosha shingo, yeye keshasema: fisi, wako nyuma ya kilima, wanakwenda zao. Mwalimu Tandala alimpenda kwa hilo. Na rafiki yake mkubwa alikuwa Chausiku, pimbi wa majabalini, mnene, mcheshi, mwenye ndugu tele.

Jioni, masomo yakiisha, wasichana walikwenda kumsikiliza Bi Chiriku. Mnamjua chiriku, ndege asiyefunga mdomo. Huyu alikuwa fundi wa visa vya mapenzi. Kimoja kilipendwa kuliko vyote, kisa cha chui mkali na paa. Chui anamkoromea paa, paa anavumilia. Chui anamfukuza, paa anarudi. Chui anamng'ata sikio, paa anavumilia. Mwisho wake chui analia machozi, analaza kichwa mapajani pa paa, anakuwa mpole kama mwanakondoo. Wasichana walishusha pumzi, haaa. Mboni aliondoka hapo kila siku na kisa kile kifuani, anatembea taratibu kisimwagike.

Sasa, chuoni hapo palikuwa na nyegere. Jina lake Kibwana. Mgongo mweupe, miguu mifupi, mwendo wa mtu aliyerithi dunia. Darasani aliingia akitaka. Simba akikutana naye njiani, simba ndiye aliyepisha. Nyoka akimuuma, Kibwana alilala kidogo, akaamka, akamla nyoka. Wasichana wote walimwogopa, na wote walimtazama.

Siku moja alisimama mbele ya Mboni, akamwekea kipande cha sega la asali miguuni. Kisha akaenda zake. Mboni alikuwa hajaonja asali tangu azaliwe. Akalamba. Utamu ukampanda mpaka masikioni.

Kesho yake Kibwana akaja tena. Wakawa wanatembea pamoja. Akamweleza Mboni jambo ambalo hakuwahi kumweleza mtu: mama yake alimwacha shimoni angali mchanga, macho hayajafumbuka vizuri, akajilea mwenyewe. Mboni alilia. Moyoni akasema, kumbe ukali wote huu ni kidonda tu, na mimi ndiye dawa yake. Msimcheke. Mwenye moyo mwema huona kidonda mahali ambapo wengine wanaona meno.

Ikatokea swala mmoja, mwanafunzi mwenzao, akamwomba Mboni amfundishe somo la upepo. Wakakaa kivulini, wakasoma. Asubuhi swala akakuta nyasi zake za kulalia zimeraruliwa, kwaru kwaru, na juu yake imepulizwa ile harufu ya nyegere inayowaka puani. Mboni alipomuuliza Kibwana, hakukana. Akasema ni wivu, na wivu ni mapenzi. Mboni aliogopa. Lakini chini ya woga kulikuwa na furaha kidogo, maana chui wa Bi Chiriku naye alikuwa mkali hivyo hivyo.

Chausiku hakufurahi. Alimwambia wazi kwamba yeye hakunusa mapenzi ndani ya harufu ile. Mboni akakasirika. Kibwana naye akaanza kusema kwamba pimbi wana kelele, wana maneno, wanawaonea gere wapendanao. Mboni akapunguza kwenda majabalini. Mara akaacha kabisa.

Tena kuna jambo hakulitambua. Kutembea na nyegere ni kunuka unyegere. Harufu ile ilimwingia manyoyani, ikamkaa puani. Siku moja Mwalimu Tandala akamwita mbele ya darasa, akamuuliza upepo unaleta nini. Mboni akanyoosha pua. Akanyoosha tena. Kila alikoelekea, ni Kibwana tu. Mwalimu hakumgombeza, alimwambia akae, na huko kutogombezwa kulimuuma kuliko fimbo.

Sasa sikilizeni vizuri.

Kibwana alimwambia Mboni kwamba mapenzi ya kweli ni kwenda pamoja hadi mwisho. Akamchukua kwenda kuvunja mzinga. Nyuki walikuwa ndani ya mgunga mkavu wenye tundu. Kibwana akapanda, akapasua gome, parakacha! Nyuki wakatoka, vuuuu, kama moshi wenye hasira.

Ngozi ya nyegere ni nene. Ngozi ya digidigi ni jani la mchicha. Nyuki walimgonga Kibwana wakateleza. Wakamgeukia Mboni. Wakamchoma masikio, wakamchoma midomo, wakamchoma jicho. Alilia, akaita jina la Kibwana, akakimbia bila kuona aendako, mpaka akatumbukia kijitoni, akabaki humo, pua tu ndiyo iko nje.

Kibwana alikuja baadaye, asali inamchuruzika kidevuni. Alipoliona lile jicho lililovimba kama tunda la ndulele, akapiga magoti, akalia. Machozi ya kweli, siwadanganyi. Akasema yeye ni mbaya, hafai, lakini Mboni akimwacha ataharibika kabisa. Akamlamba mashavu. Akampa sega kubwa.

Mboni akaenda kwa Bi Chiriku, uso umevimba, akamweleza yote. Bi Chiriku akamwambia asihangaike, hata paa alitafunwa sikio, na kisa bado hakijafika mwisho. Avumilie. Mboni akauliza, "Huyo paa, Bi Chiriku, wewe ulimjua?"

Bi Chiriku alikohoa, akapanga mbawa zake, akasema kisa kizuri hakiulizwi kilikotoka.

Mboni akarudi kwa Kibwana. Ndiyo, alirudi. Wengi hurudi. Na siku ya mzinga mwingine ilipofika alikwenda tena, kwa kuwa Kibwana alimwahidi kwamba safari hii atamlinda, ila alisimama mbali, ng'ambo ya vichaka. Parakacha! Vuuuu! Nyuki hawajui ahadi. Walimfuata huko huko mbali. Akalia, akaita. Hakuja mtu.

Safari hii alijiburura mwenyewe hadi kijitoni, akajipaka tope, akangoja. Kibwana akafika, akaanza kupiga magoti. Mboni akamwambia asipige magoti kwanza.

"Nakuuliza neno moja," akasema. "Nilipokuwa nalia, ulinisikia?"

Kibwana alikuwa na makosa mengi, lakini uongo haukuwa kosa lake. Akafikiri.

"Nilikusikia."

"Na mara ya kwanza?"

"Nayo nilikusikia."

"Sasa mbona hukuja?"

Kibwana akamtazama kama aliyeulizwa kwa nini maji ni maji. "Asali ilikuwa bado haijaisha," akasema.

Kwa muda wote ule Mboni alikuwa akijiambia kwamba Kibwana hasikii, kwamba nyuki wana kelele, kwamba masikio yake yamezibwa na masega. Kumbe anasikia. Anasikia, anameza, anasikia, anameza. Mboni akainuka majini. Tope linadondoka. Akashika njia ya majabalini.

Chausiku alikuwa amekaa juu ya jiwe. Alimwona mwenzake anakuja, jicho moja limefumba, ananuka unyegere na tope. Mboni alikuwa amejiandaa kusikia "nilikwambia". Chausiku hakusema hivyo. Alisogea kidogo, akampa nafasi jiweni, akaita dada zake walete majani ya kupoza uvimbe. Kisha akasema, "Umechoka, mwenzangu. Lala."

Mchana wa siku ya pili Kibwana akaja. Akasimama chini ya majabali, akaita kwa sauti tamu. Mboni hakushuka. Kibwana akalia. Hakushuka. Akasema atakufa bila yeye. Hapo miguu ya Mboni ikaanza kushuka yenyewe, jiwe la kwanza, jiwe la pili. Chausiku hakumshika. Alimfuata tu, akasimama ubavuni pake.

Mboni akasimama.

"Kibwana," akasema, "sikuchukii. Kilichokupata utotoni ni kibaya, na ningekuwa na uwezo ningekifuta. Lakini sirudi."

Loo, sauti tamu ikaisha. Kibwana akanguruma, akachimbua mchanga, akapuliza ile harufu yake. Pimbi wakatoka kwenye nyufa, mama na mashangazi, wajomba na vitukuu, wakajipanga juu ya mawe. Hawakutukana, hawakurusha kitu. Walikaa tu, wakamtazama. Kibwana aliwahi kupigana na simba, lakini hakujua mtu anapiganaje na ukoo mzima uliokaa kimya. Jua likasogea. Njaa ikamshika. Ndege aonyeshaye asali akalia kule mikwajuni, naye Kibwana akageuza kichwa, akamfuata.

Mboni alimtazama mpaka mgongo mweupe ukapotea vichakani. Kisha akalia sana. Hakulia kwa sababu ya jicho, ingawa jicho lile halikuona vizuri tena maisha yake yote. Alilia kwa sababu alimpenda. Chausiku hakumwambia anyamaze. Alikaa naye, bega kwa bega, wakala majani polepole, mpaka kilio kikaisha chenyewe.

Haya, waliolala waamsheni, maana funzo ndilo hili. Anayekusikia ukilia naye akaendelea kula, huyo hakupendi, hata akikuletea asali. Kidonda chake mhurumie, lakini ngozi yako usiitoe iwe bandeji. Na nyinyi wenye rafiki aliyepotelea huko kwa nyegere, siku akirudi, msimuulize alikuwa wapi. Sogeeni, apate pa kukaa.

Hadithi yangu imeishia hapo, nami koo limenikauka. Mwenye maji na anipe.