Keki Niliyoikalia Nzega

Hapo zamani, na msidhani ni zamani ya mababu, ni zamani ya suruali hii hii niliyovaa, nilikalia keki.

Sikuipitia na kiwiko. Sikuikanyaga gizani. Niliikalia mchana kweupe, kwa uzito wangu wote huu mnaouona, nikashusha na pumzi ya raha. Nimeendesha lori mpaka Lubumbashi, nimekalia mabenchi ya Kigali na magunia ya Bujumbura, na Tunduma niliwahi kukalia jiko la mkaa nikainuka na heshima zangu. Lakini hakuna kiti kilichonipokea kwa upole kama kile. Kilinipokea, kikaendelea kunipokea, mpaka nikafika sakafuni.

"Anko!" akapiga kelele binti mmoja. "Umekalia urithi wetu!"

Urithi gani? Ngojeni.

Pale Nzega malori yanapopumzika alikuwepo mama lishe, Bibi Nyanzobe. Supu yake tuliipigia honi tukiwa bado mbali. Alipika amekaa juu ya kigoda cha mninga cha miguu mitatu. Ubavuni kilikuwa kimeungua, siku alipokiegemezea sufuria ya moto, na ufa wake alikuwa ameufunga kwa waya. Magoti yalipomchoka akasema anakwenda kupumzika kwa binti yake Kahama. Sasa kibanda anamwachia nani?

Wajukuu watatu walikitaka. Minza alikitaka, kwa kuwa alikuwa amechoka kuoka keki kwenye majiko ya watu. Ngassa alikitaka. Huyu ni seremala, alichonga vitanda ambavyo watu walivisifia, wakavilalia kujaribu, wakaenda zao. Holo alikitaka kuliko wote: mume alimwacha, akarudi kwa Bibi na mtoto mgongoni.

Bibi akawaambia, kwa utani wa bibi na wajukuu, "Ninyi wake wenzangu wawili, na wewe mume wangu usiye na mahari, siwezi kuwagawia kibanda vipande vipande. Nitengenezeeni kitu cha kuliwa, mkitengeneze pamoja. Kikinidanganya macho nikadhani ni kitu kingine, aliyefanya kubwa kuliko wenzake nampa kigoda. Mwenye kigoda ndiye mwenye kibanda."

"Tutakupikia keki," akasema Minza.

"Keki? Ule mkate uliovaa nguo za harusi?" Bibi akacheka, akachukua kikapu, akaenda sokoni.

Minza akaoka. Akaoka kwenye sufuria, mkaa chini na mkaa juu ya mfuniko, iliki na ganda la limau, mpaka mbwa wa jirani wakaja kukaa mlangoni kama wamealikwa.

Ngassa akachonga. Akachonga ile keki kama anachonga mninga, akaisimamisha juu ya miguu ya mua. Rangi ya mbao akaitoa kwenye kakao, alama ya kuungua akaitoa kwenye kahawa, na waya akauvuta kwa sukari iliyoyeyushwa. Kisha akakificha kigoda cha kweli uvunguni mwa meza, akaiweka keki palepale kinapokaa siku zote.

Holo akalinda. Aliambiwa azuie nzi, watoto na mbwa. Madereva hakuna aliyewataja.

Ndipo nikaingia mimi, mgongo umekufa kwa safari. Nikakiona kigoda. Nikaona na sisimizi wawili wanapanda mguu wake, nikajiuliza, hawa wanatafuta nini kwenye mninga? Jibu lilikuwa njiani linakuja. Lakini Holo amelelewa na Bibi Nyanzobe, na kwa Bibi Nyanzobe mgeni hasimami. Mdomo wa mtu wa nyumba ile humkaribisha mgeni kiti kabla akili haijauliza kiti chenyewe kiko wapi.

"Pole na safari, anko," akasema, kwa sauti ya kumponya mgonjwa. "Karibu kiti."

Nami nimelelewa hivyohivyo. Ukikaribishwa kiti, unakaa.

Bibi akarudi kutoka sokoni, akanikuta sakafuni katikati ya vipande. Akatupa kikapu, akanyakua mwiko.

"Mabula! Umenivunjia kigoda changu! Nilikwambia punguza ugali!"

Akanipiga wa kwanza begani. Akainua tena, mkono ukagoma hewani. Akainama, akapitisha kidole kwenye suruali yangu, mahali ambapo mke wangu mwenyewe huomba ruhusa, akalamba.

"Tamu," akasema. "Ila chumvi imezidi."

"Chumvi si yangu, Bibi," akasema Minza. "Hiyo ni ya anko."

Bibi akacheka mpaka akashika nguzo. Basi macho yake yamedanganywa, tena na keki iliyokwisha kuvunjika. Ahadi ni ahadi. Kigoda kikatolewa uvunguni, kikawekwa katikati.

Minza akasema, "Ni changu. Bila mimi Ngassa angechonga nini, hewa? Na watu wanakuja hapa kula, hawaji kutazama."

Ngassa akasema, "Ni changu. Bila mimi ingekuwa keki tu, na keki hakuna aikaliaye. Bibi amelilia kigoda kilichotoka mikononi mwangu."

Holo akampandisha mtoto mgongoni, akasema, "Ni changu. Anko alisimama, alishaona sisimizi. Kilichomkalisha ni karibu yangu. Mnaweza kupika na kuchonga mpaka mchoke, mgeni asipokaribishwa atakula kwa jirani."

"Wewe uliambiwa ulinde!" akasema Ngassa.

"Na wewe nani alikwambia uiweke mahali pa kukaa watu?"

"Na Minza? Keki gani hii laini namna hii, haiwezi kubeba hata dereva mmoja?"

"Dereva yupi?" akasema Minza. "Mtazame vizuri kwanza."

Wakanitazama. Bibi naye akanitazama. "Mabula, mimi nimeshacheka, siwezi tena kuwa hakimu. Wewe ushahidi umekuganda. Amua, kabla gari la Kahama halijafika."

Nikakuna kichwa, maana kwingine kote kulikuwa na kakao. Nikimpa aliyeoka, namwonea aliyechonga. Nikimpa aliyechonga, namwonea aliyekaribisha. Nikimpa aliyekaribisha, ninatoa zawadi kwa aliyeniangusha. Nikawageukia wateja waliojaa kibandani, kama ninavyowageukia ninyi sasa, nikasema:

"Jamani, mmeona na mmesikia. Mmoja ameoka, mmoja amechonga, mmoja amekaribisha. Je, nani alistahili kigoda?"

Dereva mmoja wa pembeni kabisa akagonga kijiko mezani.

"Mpeni atakayeniletea supu. Nimekaa hapa tangu keki ilipokuwa nzima, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza nakula nini."