Njiwa Asiyeinua Kichwa

Paukwa!

Pakawa!

Haya, sogeeni. Na nyinyi wakubwa, msijifanye mmelala.

Hapo zamani za kale, ndege wote walimwabudu Mola mmoja, mleta mvua. Kila aliyekunywa alimshukuru. Kuku, Kanga, Korongo, wote waliteka maji kwa mdomo, wakainua kichwa, wakameza wakitazama mbinguni. Njiwa peke yake aliinama akafyonza, fyoo! fyoo! Alishukuru moyoni, kichwa chini.

Siku moja Korongo, mkuu wa ndege, akatangaza, "Asiyeinua kichwa ni adui wa Mola. Anyonyolewe manyoya, atupwe kwa nyoka!"

Kunguru wakawekwa kwenye dimbwi la maji, wamchunguze kila anayekunywa. Kaa! Kaa! Macho wameyakodoa.

Kiangazi kikawa kikali. Dimbwi ni hilo moja tu. Na Njiwa ana makinda. Asipokunywa, hatakuwa na cha kuwalisha, watoto watakufa. Akinywa, atakufa yeye.

Jirani yake Kanga akamwambia, "Shoga, inua tu kichwa. Ya moyoni nani atayajua?"

Njiwa akaenda. Akateka, akainua kichwa. Koo likakataa. Maji yakamwagika kifuani, chwaa!

"Kaa! Huyu anaigiza!" Kunguru wakamdaka, wakamburuta mbele ya Korongo, palepale ukingoni mwa dimbwi.

"Mkuu, nina watoto. Nimejaribu."

"Mnyonyoeni!"

"Ngojeni!" Ni Kanga huyo. Akainama, akafyonza kama Njiwa. Kwoh! Kwoh! Akapaliwa mpaka machozi. "Mkuu, mimi siwezi kunywa kama yeye, yeye hawezi kunywa kama mimi. Makoo haya kayaumba nani? Tunamkosoa Njiwa, au tunamkosoa Mola?"

Korongo, koo limemkauka kwa hasira, akateka maji, akainua kichwa. Kunguru wakamtazama kwa macho yaleyale.

Mmoja akasogea. "Mkuu, mbona umeinua nusu?"

"Mimi? Mimi ni mkuu wenu!"

"Kaa! Ameinua nusu!" Wakamrukia, manyoya yakatapakaa.

Katika vurumai ile Njiwa akanywa upesi, kichwa chini, akaruka, puruu! mpaka kwa wanawe. Walipona wote. Lakini hofu haikumtoka. Mpaka leo hutazama huku, hutazama kule, ndipo anywe.

Ndugu zangu, hata Ulaya ya zamani Wakristo waliwachoma moto Wakristo wenzao, Biblia mikononi, kwa sababu ya namna ya kusali. Msimtese mtu kwa jinsi anavyomshukuru Mola wenu. Mkizoea kuwindana, hatabaki aliye salama.

Hadithi yangu imekomea papa hapa.