Sampuli za Mtama wa Mama Kanga

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama nao walikuwa na chuo kikuu. Sikilizeni vizuri, maana sitarudia.

Katika chuo hicho kulikuwa na Kitivo cha Uchumi na Biashara. Mkuu wa kitivo alikuwa Tembo. Wahadhiri wake walikuwa wawili: Nyati, aliyefundisha takwimu, na Kiboko, aliyefundisha masoko. Kila mwaka kitivo kilitakiwa kufanya utafiti. Mwaka huo wakaamua kuchunguza kwa nini wauza nafaka wadogo hawaendelei.

Sokoni alikuwepo Mama Kanga, mjane, muuza mtama. Alikuwa na vifaranga wanne, na kitindamimba wake aliitwa Sikudhani. Mtama ule ulioanikwa mkekani ndio uliokuwa biashara, ndio chakula, ndio mbegu. Ukiisha, basi. Jirani yake alikuwa Bi Pimbi, muuza ukwaju, mdogo kama ngumi lakini mdomo wake haukulala.

Puu! Puu! Puu! Mara tu baada ya mavuno, watafiti hao wakaingia sokoni.

"Hodi, mama! Tumetoka chuo kikuu," akasema Tembo. "Tuna maswali machache tu."

"Karibuni, wazee wangu," akajibu Mama Kanga, akawapisha kivulini.

Nyati akatoa makaratasi. "Kaya yako ina watu wangapi?"

"Mimi na watoto wanne."

"Mtama ukiisha, utakula nini?"

Mama Kanga akacheka kidogo. "Ukiisha, baba? Ukiisha si hakuna?"

Nyati akaandika: Hajajibu.

"Sasa tutachukua sampuli," akasema Kiboko.

"Sampuli ndiyo nini, mzee?"

"Kidogo tu, cha kupimia ubora."

Kidogo cha nani? Tembo akazamisha mkonga, fyuuu! Nyati akajaza kapu. Kiboko akafungua kinywa, chap! Nusu ya mkeka ikabaki wazi.

Wakahamia kwa Bi Pimbi. Kiboko akaufakamia ukwaju. Macho yakamtoka, machozi yakamlengalenga. "Ptuu! Sampuli hii ina kasoro!"

"Ongeza, mzee," akasema Bi Pimbi. "Huenda wa chini ni mtamu."

Hawakuongeza. Wakaaga. "Matokeo yatakuja, mama," Tembo akamwambia Mama Kanga. "Yakija, utafaidika. Asante kwa ushirikiano wako."

Walipoondoka, Sikudhani akauliza, "Mama, huyo Matokeo ni nani?"

"Sijui, mwanangu. Labda ni mkubwa wao huko chuoni."

"Atakuja na gunia?"

"Wamesema tutafaidika."

Tangu siku hiyo vifaranga wakawa wanakimbilia barabarani. Vumbi likitimka tu, utawasikia: "Matokeo huyooo!" Kumbe ni mbuzi wa watu.

"Shoga, wale wakirudi wafukuze," Bi Pimbi alimwambia.

"Mgeni namfukuzaje, Bi Pimbi? Na jambo lenyewe wamesema linakuja."

Kiangazi kikaja, na watafiti nao wakaja. Awamu ya pili, walisema. Maswali yale yale, fyuuu ile ile, chap ile ile. Mama Kanga akaanza kupika mara moja kwa siku. Mvua za vuli zikatarajiwa, hazikunyesha. Mtama uliobaki akautia kwenye kibuyu, akakitundika juu. Hiyo ilikuwa mbegu, na mbegu hailiwi, hata mtoto akilia.

Sikudhani akaacha kukimbilia barabarani. Kisha akaacha kusimama. Bi Pimbi alimletea uji wa pumba wenye ukwaju, lakini ukwaju hauongezi damu. Kifaranga yule alikufa asubuhi, mama yake akiwa uani anapepeta makapi, anatafuta punje.

Matanga yakawekwa. Mkeka wa mtama sasa ulikaliwa na waombolezaji.

Puu! Puu! Puu! Awamu ya tatu.

"Poleni na shughuli," akasema Tembo, hakuuliza ni shughuli gani. Nyati akafungua makaratasi yake. "Kaya ina watu wangapi?"

"Mimi na watatu," akasema Mama Kanga.

"Hapana, mama. Awamu ya kwanza ulisema watoto wanne. Takwimu zako haziwiani."

Nyati akainua kalamu.

"Ulikosea wakati ule, au unakosea sasa?"

"Sikukosea," akasema Mama Kanga.

Kiboko alikuwa anaangalia juu. "Na kile kibuyu?"

"Ni mbegu, baba."

"Aa, kidogo tu." Chap!

Bi Pimbi hakulia. Alinyanyuka mkekani, akawafuata wale wakubwa mpaka barabarani, akajichekesha.

"Hongereni kwa kazi, wazee wangu! Ila Mamba, yule mkuu wa chuo cha ng'ambo ya mto, anawacheka."

Masikio ya Tembo yakapiga, pwa! "Anatucheka nini?"

"Eti mmepima mtama wa wenye njaa peke yao. Utafiti bila mtama wa walioshiba, anasema, ni kilema. Wao waliweka wa kwao sokoni, watu wote wakaona."

"Kundi la kulinganisha!" Tembo akang'aka. "Nyati, umesahau kundi la kulinganisha!"

"Sikusahau, mkuu. Nilikuwa bado nalipanga. Kesho nitaleta kikombe kimoja."

"Kikombe!" Bi Pimbi akajishika kiuno. "Mamba, na ufupi ule, alileta gunia. Watu wanasema sampuli hulingana na ukubwa wa msomi."

"Mimi naleta magunia kumi!" akasema Tembo.

"Na mimi kumi na mawili!" akasema Kiboko, kisha akamwona Tembo anamtazama. "Kumi, mkuu. Kumi."

Kesho yake magunia yakapangwa sokoni kama ukuta. Bi Pimbi akawaketisha wasomi kivulini, wameyapa mgongo.

"Maswali machache tu, wazee wangu. Mtama ukiisha nyumbani, mtakula nini?"

"Ukiisha?" Nyati akashangaa. "Unaishaje?"

"Hajajibu," akasema Bi Pimbi kwa sauti. Nyuma yao wauzaji wote wa soko walikuwa na vikapu. Chwaa! Chwaa! Chwaa! Akawauliza habari za wake zao, za mashamba yao, za mababu zao. Mkubwa ukimuuliza habari zake, hageuki nyuma.

Walipogeuka, magunia yalikuwa yamelala kama ngozi.

"Hee! Mtama wetu!" Nyati akaruka.

"Tumechukua sampuli, mzee."

"Yote?"

"Kidogo tu kila mtu. Ila sisi ni wengi. Asanteni kwa ushirikiano wenu."

Tembo akainua mkonga apige baragumu. Soko zima likamtazama. Angesema nini? Kwamba huo ni wizi? Akaushusha mkonga taratibu, akatangulia njia ya chuoni, wenzake nyuma. Soko likalipuka kwa kicheko.

Jioni Bi Pimbi akaenda kwa Mama Kanga, bado anacheka. Akamkuta ameinamia ungo, anachambua mtama: wa kula huku, wa mbegu huku.

"Shoga, tumewapata!"

"Mmewapata," akasema Mama Kanga. "Akili hiyo mngeitumia kiangazi."

Kicheko kikamkatika Bi Pimbi. Akakaa chini, akavuta ungo upande wake, wakachambua pamoja mpaka mtama ukaisha.

Basi shikeni hili, kisha mkalale: anayepima njaa yako kwa kula akiba yako ndiye njaa yenyewe.