Nyati na Waonjaji Wake

Paukwa!

Pakawa!

Kibuyu cha nini?

Cha kutilia unga.

Na unga ukiisha?

Tutie maneno.

Basi hapo kale, katika nchi ya Mwamba Mkavu, mvua ilikataa miaka miwili. Majani yakaisha, mizizi ikaisha, wanyama wakabaki kutazamana. Ilijulikana kwamba upande wa machweo kuna mto, mwendo wa siku nne. Lakini mwendo wa siku nne unataka miguu, na miguu inataka chakula, na chakula chote kilikuwa kwa Bwana Nyati.

Nyati alikuwa amenyang'anya mtama, ufuta, mbegu za maboga na majani makavu ya mlonge, akavijaza ghalani. Kilichomwingia tumboni alikila, kisichomwingia alikilinda. Kwa kuogopa wezi, hakulala. Alitafuna mirungi asubuhi, akatafuna adhuhuri, akatafuna jua likizama. Akitafuna, macho humtoka na moyo humpiga ndu, ndu, ndu. Ikimwisha mwilini, magoti hulegea, akawa kama gunia lililomwagwa. Basi hutafuna tena.

Jirani yake, katika ufa wa mwamba, aliishi Bi Pimbi. Mwezi uliopita alikuwa amemzika mwanawe wa kwanza, Fumo, akamwekea mawe matatu kaburini. Alibaki na binti mmoja, Kidawa, na Kidawa naye alikuwa hasimami tena. Pimbi alimshika miguu, akaona imekuwa vijiti. Akajua kwamba asipopata chakula juma lile, atatafuta mawe mengine matatu.

Akaenda kwa Nyati, akapiga hodi, akamwambia anamwonea huruma.

"Mirungi ni mjeledi, bwana mkubwa," alisema. "Mjeledi humkimbiza punda, haumlishi."

Akamweleza kwamba upo unga wa nguvu, usiopapatisha moyo wala kufukuza usingizi, na vya kuutengeneza vyote vimo mle ghalani mwake: mtama wa kushika mwili, ufuta wa kulainisha viungo, mbegu za maboga za kuongeza damu, mlonge wa kuamsha rangi. Yeye anajua tu namna ya kuvichanganya.

Nyati akacheka mpaka akakohoa.

"Nyinyi? Nyinyi ambao babu yenu alikosa mkia kwa kutuma? Mikia inagawiwa, yeye anaogopa manyunyu, anawatuma wenzake wamletee. Wakaleta?"

Pimbi akainamisha kichwa. Akasema hawakuleta, bwana mkubwa. Ndiyo maana naye hana mkia.

Lakini magoti ya Nyati yalikuwa yanatetemeka, na mwenyewe aliyasikia. Akafungua ghala.

Pimbi akatwanga: tu, tu, tu. Akachekecha: che, che, che. Akapika uji chungu kizima. Kisha, kama ilivyo desturi, mpishi akaonja kwanza mbele ya mlaji, kuondoa sumu. Akameza kijiko kimoja. Nyati akamtazama kitumbo, akasema kionjo hicho hakimtoshi. Yeye atakula chungu kizima, basi na waonjaji wamalize chungu kizima, uzito wao ulingane na wake, ndipo ataamini.

Pimbi akamwomba aonje mwenyewe, japo kidogo.

"Mimi?" alisema Nyati. "Mkubwa haonji. Mkubwa hutuma."

Akatuma aitwe Nungunungu na ukoo wake. Wakaonja, wakaonja, wakaonja, mpaka mwiko ukagonga chini: kwa, kwa. Na kwa kuwa walikuwa na njaa ya miezi mingi, shibe iliwaangusha palepale. Nyati akarudi nyuma akisema wamekufa. Asubuhi wakaamka, wakasimama sawasawa, wakashika njia ya machweo.

Siku ya pili Nyati alitilia shaka ufuta. Tu, tu, tu. Che, che, che. Akatuma aitwe Kanga na ukoo wake. Wakaonja, wakalala, wakaamka, wakaondoka.

Siku ya tatu alitilia shaka mbegu za maboga. Tu, tu, tu. Che, che, che. Akatuma aitwe Paa na ukoo wake. Wakaonja, wakalala, wakaamka, wakaondoka.

Na kila jioni Nyati alimkagua Pimbi mashavuni, asitoke na punje. Pimbi alirudi nyumbani mikono mitupu yenye vumbi la unga, na Kidawa akavilamba vidole vya mama yake, kimoja kimoja. Pimbi hakumtaja kwa Nyati. Angemtaja siku ya kwanza, angeshtukiwa.

Siku ya nne Nyati alitilia shaka mlonge. Ghala lilikuwa limekwanguliwa, lakini Nyati hakuchungulia ndani. Kilipatikana chungu kidogo tu. Akataka kutuma, hakuna wa kutumwa. Hapo Pimbi akapiga magoti.

"Amebaki binti yangu, bwana mkubwa, naye ni mgonjwa. Nakusihi, usimtume."

"Huyohuyo," alisema Nyati. "Mama hamlishi mwanawe sumu."

Pimbi akamleta mgongoni, akamlisha kijiko kwa kijiko, akilia. Machozi yale hayakuwa ya hila. Kidawa akalala. Pimbi akaweka mkono kifuani pa mwanawe, hakuuondoa mpaka kulipokucha. Jua lilipotoka, Kidawa akasimama. Akayumba, akasimama tena.

Nyati akasema sasa ameamini, aletewe uji wake. Pimbi akamfungulia mlango wa ghala. Hapakuwa na kitu ila mwangwi.

"Babu yangu alituma mara moja, bwana mkubwa, akakosa mkia. Wewe umetuma mara nne."

Nyati akainama amkumbe kwa pembe, magoti yakakataa. Akataka kulinda, hakuna cha kulinda. Mirungi ikamdondoka mdomoni. Akalala chali, akakoroma, khoo, khoo, kwa mara ya kwanza tangu mvua ikatae. Dawa ilikuwa imefanya kazi, tena bila mirungi.

Pimbi akakwangua kinu. Ulipatikana unga wa kujaza ukucha. Akaupeleka kwenye yale mawe matatu, akaunyunyiza, akasema, "Onja, mwanangu." Kisha akamshika Kidawa mkono, wakafuata nyayo za wenzao.

Ngano hii inatufunza kwamba mkubwa asionje kamwe. Atume tu, atapata usingizi mnono. Nanyi mkitumwa kuonja chungu cha mwenzenu, onjeni kwa ncha ya ulimi, mkiache kama mlivyokikuta. Hiyo ndiyo adabu.

Nimetwanga, nimepepeta. Unga bebeni nyinyi, pumba niachieni mimi.